Kauli Isiyoweza Kuwa Uongo: Maadili ya Ushawishi katika Matangazo ya Kampeni

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii, ingawa aghalabu hutumiwa kuwaasa vijana wasivutwe na sura, imebeba dai zito kuhusu lugha: kwamba chenye thamani hakihitaji msemaji, na kwamba penye msemaji wa kusifu pana sababu ya kushuku. Lau dai hili lingekubaliwa bila kuhojiwa, siasa yote ya ushindani ingekuwa imekwisha kuhukumiwa, kwani hapana mwaniaji wa kiti chochote, awe mwema awe mwovu, asiyejitembeza. Tangazo la kampeni ndiko kujitembeza kwenyewe, na mfumo wa vyama vingi hauwezi kuwako bila ya tangazo la namna fulani.

Makala haya yanachunguza swali moja la kimaadili linalozuka hapo: Je, mpiga kura anaweza kudhulumiwa na kauli ambayo si uongo? Swali hili lina uzito kwa kuwa takriban lawama zote zinazoelekezwa kwa matangazo ya kampeni huegemea dhana ya uongo. Husemwa kwamba wanasiasa hudanganya, na kwamba dawa ya udanganyifu ni kuutangaza ukweli. Inadaiwa hapa kuwa sehemu kubwa ya matangazo hayo haidanganyi, kwa sababu imeundwa kwa namna isiyoweza kuwa ya kweli wala ya uongo. Dhuluma yake, pale ilipo, imo katika kuziba njia ya jibu. Mifano imetolewa hasa katika kampeni za Kenya tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwishoni mwa mwaka 1991, na imechukuliwa kutoka pande mbalimbali za kisiasa, maana ufundi unaojadiliwa hauna chama.

2. Sarufi ya Kaulimbiu

Tarehe 14 Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Raila Odinga aliuambia umati uliokusanyika: Kibaki tosha. Maneno hayo mawili yaliunganisha upinzani nyuma ya mgombea mmoja, na mnamo Desemba ya mwaka huo Mwai Kibaki akachaguliwa kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Mhakiki wa lugha hana budi kuyatazama kwa makini. Kiswahili sanifu kingedai "Kibaki anatosha", au, kwa lafudhi ya kishairi, "Kibaki atosha". Kilichodondoshwa ni kiambishi cha nafsi pamoja na cha wakati. Kitenzi kilichobaki uchi namna hii hakina njeo, na kisicho na njeo hakina siku ya kupimwa. Lau ingalisemwa "Kibaki atatosha", msikilizaji angaliweza kuuliza: atatosha kwa lipi, na kufikia lini? "Tosha" halingojei swali. Ni neno la kufunga mjadala, kama lisemwavyo na mtu anayezuia kikombe kisijazwe zaidi.

Miaka mitano baadaye, katika kampeni za mwaka 2007, upande wa Kibaki ulikuja na kaulimbiu "Kazi iendelee". Hapa kitenzi kipo katika hali tegemezi, yaani hali ya kutakia au kuagiza, na matakwa hayawezi kuwa uongo. Hata hivyo, ndani ya matakwa hayo limefichwa dai lisilotamkwa, kwamba kazi imekwisha kuanza na inakwenda vyema. Mpinzani aliyetaka kulipinga dai hilo alilazimika kwanza kulifukua, na wakati alipokuwa akifukua alionekana kama mtu anayeipinga kazi. Dai lililotamkwa hujibiwa kwa sentensi moja, ilhali dai lililokunjwa ndani ya kitenzi huhitaji hotuba nzima.

Uchaguzi wa Agosti 2022 ulileta kaulimbiu mbili za kuvutia zaidi. Muungano wa Azimio ulisema "Inawezekana". Kiambishi i- katika neno hilo kinaashiria nomino ambayo haikutajwa, na kila msikilizaji aliachiwa alete yake: kazi, haki, matibabu au ushindi wenyewe. Chama cha UDA kwa upande wake kilisema "Kazi ni kazi". Katika sentensi hii kiarifu kimekirudia kiima. Kwa hiyo ni kweli daima, na kwa kuwa ni kweli daima haituelezi lolote kuhusu ulimwengu. Lakini ikiwekwa kando ya picha ya wilbaro, iliyokuwa alama ya chama hicho, iliwaambia maelfu ya vijana wanaosukuma mizigo sokoni kwamba jasho lao lina heshima. Hilo si jambo dogo, na mhakiki anayelibeza atakuwa hajaisikia sauti ya hadhira. Tatizo lingine linabaki pale pale: heshima iliyotolewa na picha haikuwa ahadi, na haikuweza kudaiwa.

Ikilinganishwa na hizo, ahadi ya muungano wa Jubilee mwaka 2013 ya kuwapa wanafunzi wa darasa la kwanza kompyuta za mkononi ilikuwa kauli ya aina tofauti kabisa. Ilikuwa na mtenda, mtendwa na wakati. Ilipochelewa, watu waliuliza. Na vifaa vilipoanza kupelekwa shuleni vikiwa vya namna tofauti na ile iliyotazamiwa, watu wakauliza tena. Ahadi hiyo iliwasumbua walioitoa kwa miaka kadhaa. Yamkini ndiyo maana watunzi wa kaulimbiu hupendelea vitenzi visivyo na njeo.

3. Mapishi na Tiba

Tatizo hili si geni katika falsafa. Katika Gorgias, Plato anamwakilisha Socrates akilinganisha balagha na upishi. Upishi, kwa maoni yake, hujivika vazi la tiba na kujifanya unajua chakula kifaacho mwili, hali unajua kipendezacho ulimi tu. Kadhalika balagha hujivika vazi la haki ilhali ni ustadi wa kurairai. Hukumu hii ni kali, na ikichukuliwa jinsi ilivyo inaishutumu fasihi yote pamoja na siasa. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu balagha, alilegeza kamba. Aliona kwamba ushawishi una nguzo tatu, yaani hulka ya msemaji, hisia za hadhira na hoja yenyewe, na kwamba ustadi huo, sawa na vitu vingine vyenye manufaa, unaweza kutumiwa vizuri au vibaya. Mwishoni mwa karne ya 18 Kant alirudi karibu na Plato. Alishikilia kwamba ufasaha unaotumia udhaifu wa watu ili kuwaelekeza pasipo hiari ya akili zao haustahili heshima, hata kama lengo lake ni jema.

Misimamo hii inasaidia, lakini kila mmoja una pengo. Plato anadhani kwamba kuna tabibu anayejua, na kwamba raia wanapaswa kumsikiliza. Uchaguzi huru umejengwa juu ya dhana kwamba tabibu wa namna hiyo hajulikani kabla ya kura. Aristotle anakiachia kila kitu kitegemee nia ya msemaji, na nia ya mwanasiasa ndicho kitu ambacho mpiga kura hawezi kukiona. Kant anatutaka tuiheshimu hiari ya akili, lakini hatuambii ni umbo gani la lugha linaloiheshimu na lipi linaloivunja. Hapo ndipo uhakiki wa fasihi una la kuchangia, kwa sababu maumbo ya lugha ndiyo taaluma yake.

4. Fumbo na Mjazaji Wake

Jibu la haraka lingekuwa kwamba kauli inayoacha pengo ili msikilizaji alijaze ni ya hila, na ile inayosema yote ni ya haki. Jibu hilo haliwezi kusimama. Fasihi ya Kiswahili imejengwa juu ya pengo. Wanaosema "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua" wanakiri kwamba maana ya fumbo hukamilika kwa msikilizaji, na kwamba kukamilisha huko ni heshima anayopewa.

Kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 ni mfano mzuri wa jinsi pengo linavyojazwa. Tume ya Uchaguzi iliupa upande wa "Ndiyo" alama ya ndizi na ule wa "La" alama ya chungwa, ili asiyejua kusoma aweze kuutambua upande anaoutaka. Matunda hayo hayakuwa na siasa yoyote ndani yake. Katika muda wa majuma machache yalikuwa yamejazwa hasira, matumaini na mizaha ya nchi nzima. Rasimu ya katiba, yenye mamia ya vifungu, ikapungua hadi kuwa suala la tunda. Chungwa likashinda, na kutoka kwenye tunda hilo kikazaliwa chama kilicholichukua jina lake. Alama tupu ilijazwa na hadhira yenyewe, kisha ikaonekana kana kwamba ilikuwa na maana tangu awali.

Ufundi wa kulitumia pengo hili kwa makusudi una historia ndefu nje ya Kenya, na mfano wake mashuhuri ni wa Marekani. Tarehe 7 Septemba 1964, kampeni ya Rais Lyndon Johnson ilionyesha katika televisheni tangazo la msichana mdogo anayehesabu petali za ua. Hesabu yake inamezwa na hesabu nyingine ya sauti ya kiume inayoelekea sifuri, kisha bomu la nyuklia linalipuka. Barry Goldwater, mpinzani wa Johnson, hatajwi kabisa. Tangazo hilo lililipiwa mara moja tu, likaondolewa, lakini vituo vya habari vililirudia kama habari. Tony Schwartz, aliyeshiriki kulitengeneza, alieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwamba kazi ya mtunzi wa matangazo haikuwa kuingiza ujumbe ndani ya mtazamaji. Kazi yake ilikuwa kuugusa uzi uliokwisha kuwamo ndani yake ili utoe sauti. Hofu ya Goldwater ilikuwamo tayari vifuani mwa watazamaji. Tangazo liliiita tu, nayo ikaitika.

Nadharia hiyo ya Schwartz inakaribiana mno na maelezo ya namna fumbo linavyofanya kazi. Basi fumbo la mshairi na la mtunzi wa tangazo yanatofautiana wapi? Kanga inatoa mwanga. Mwanamke wa pwani anayevaa kanga yenye jina la kijembe mbele ya jirani yake anasema pasipo kusema. Akiulizwa, anaweza kudai kwamba alipenda rangi tu. Hata hivyo, amelivaa neno hilo mwilini mwake na anapita mlangoni pa jirani. Kesho yake jirani anaweza kutoka na kanga yake, na mtaa mzima ukasoma zote mbili. Fumbo la kanga lina mvaaji, na mvaaji ana mlango unaojulikana. Kwa hiyo kuwapo kwa pengo hakutoshi kuwa kosa. La kuuliza ni kama aliyetupa neno anaweza kufikiwa na neno la kumrudi.

5. Siasa ya Kujibizana

Utamaduni wa kisiasa wa Waswahili uliliweka jambo hili katika kanuni za utunzi wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa mvutano baina ya Mombasa na Lamu uliofikia kilele katika vita vya Kuduhu, pande zote mbili zilipelekeana mashairi ya kutisha, ya kubeza na ya kujigamba. Mashairi hayo yamehaririwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1995. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye tungo zake zilichunguzwa na Mohamed Abdulaziz katika utafiti wa mwaka 1979, aliendelea kuutetea mji wake dhidi ya mamlaka ya Seyyid Said kwa tungo zilizojaa jazanda, chuku na mafumbo.

Mtu asidhani kwamba mashairi hayo yalikuwa mijadala ya upole. Yalikuwa propaganda kwa kila maana ya neno hilo. Yalichochea hisia, yalikuza sifa za upande mmoja na kuudhalilisha mwingine. Lakini yalikuwa na sifa mbili ambazo kaulimbiu ya leo imezipoteza. Kwanza, yalikuwa na wenyewe: mji ulijua nani amesema. Pili, umbo lake lilidai jibu. Katika desturi ya kujibizana, mjibuji aghalabu hushika bahari na vina vya aliyemtangulia, na kwa kufanya hivyo hukiri hadharani kwamba ameyasikia maneno ya mwenzake kabla ya kuyapindua. Hadhira husikia beti za pande zote mbili kwa mizani ileile na kupima. Ushairi huo haukumwondolea msikilizaji hisia zake. Ulimhakikishia kwamba hisia zilizoamshwa na upande mmoja zingekutana na zilizoamshwa na upande wa pili mahali pamoja, mbele ya watu walewale.

Mahali hapo pa pamoja panaweza kuharibiwa kwa njia zaidi ya moja. Katika uchaguzi wa mwaka 1992, redio ya KBC ilikuwa ndiyo redio pekee nchini, nayo iliegemea chama tawala cha KANU. Upinzani ulikuwa na majukwaa, magazeti na vijikaratasi, lakini beti la redio halikujibiwa redioni. Dhuluma ya wakati huo ilikuwa dhahiri: mmoja alipewa kipaza sauti, mwingine akanyimwa. Iliyokuja baadaye ni ngumu zaidi kuiona.

6. Neno Lisilo na Mwenyewe

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, video ilienea mtandaoni ikiionyesha Kenya ya mwaka 2020 ikiwa imezama katika machafuko na dhiki chini ya urais wa Raila Odinga. Tovuti iliyoieneza haikusema ni ya nani. Mwezi Desemba mwaka huo shirika la Privacy International liliihusisha na kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani. Mwezi Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri, ambamo maofisa wa Cambridge Analytica walijigamba kuhusu kazi yao katika kampeni za Kenya.

Ikitazamwa kwa kipimo cha ukweli na uongo, video hiyo inaponyoka. Iliyazungumzia mambo ambayo hayajatokea, na mambo ya kubuni kuhusu siku zijazo hayawezi kukanushwa siku yalipotolewa. Kila mtunzi wa riwaya anaitumia haki hiyo. Lakini mtunzi wa riwaya huandika jina lake kwenye jalada, na msomaji hujua kwamba anasoma riwaya. Hapa mtunzi alikuwa hajulikani. Fauka ya hayo, tangazo la mtandaoni laweza kuelekezwa kwa watu waliochaguliwa kulingana na umri, makazi au mambo waliyoyatafuta, hivyo kwamba mpiga kura mmoja huliona na jirani yake asijue kwamba lipo. Mlinganisho na kanga unavunjika hapo. Neno limetupwa, lakini halina mvaaji, halina mlango, na mtaa haujui kwamba kuna lililosemwa. Hata mpinzani mwenye ulimi mkali kuliko Muyaka hawezi kulijibu beti ambalo hakulisikia.

Pingamizi moja lazima ikabiliwe. Je, kudai kila neno la kisiasa liwe na jina la mwenyewe si kuwakabidhi wanyonge kwa wenye nguvu? Mwaka 1968 kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? kilisambazwa kwa siri, bila ya jina la mwandishi. Mwandishi wake, Abdilatif Abdalla, alipojulikana alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Lau angaliweka jina, kijikaratasi hicho kisingalisambazwa. Ni wazi, basi, kwamba kuficha jina peke yake si dhambi.

Pingamizi hii ni ya haki, na inaisaidia hoja kuliko inavyoidhoofisha. Mficho wa mnyonge na mficho wa mwenye mali au dola hautofautiani kwa umbo. Unatofautiana kwa gharama. Mnyonge hujificha ili asiadhibiwe kwa kusema; mwenye nguvu hujificha ili asiulizwe alichosema. Wa kwanza akifichuliwa hulipa kwa mwili wake. Wa pili akifichuliwa, uchaguzi umekwisha kupita na hakuna anayelipa. Fauka ya hayo, anwani yenyewe ya kijikaratasi cha 1968 ilikuwa swali. Kitenzi chake kilikuwa na nafsi ya wingi iliyomjumuisha mwandishi na msomaji, kilikuwa na njeo, na kiliishia kwa alama ya kuuliza. Kilikuwa kinangoja jibu. Jibu lililokuja lilikuwa kifungo, na aibu ya jibu hilo haikumwangukia aliyeuliza.

7. Dhima ya Mhakiki

Maneno haya yanaurudia uhakiki wenyewe. Tasnifu zinazochunguza lugha ya siasa katika vyuo vikuu aghalabu hufuata njia iliyozoeleka: takriri imetumika hapa, istiari pale, swali la balagha kule, kisha huhitimishwa kwamba lugha hiyo "imefaulu kuwasilisha ujumbe". Orodha ya tamathali ni hatua ya lazima, lakini ikiishia hapo inakuwa cheti cha ustadi kinachotolewa kwa mtunzi yeyote, awe ameutumia ustadi huo kumwamsha msikilizaji au kumnyamazisha. Tena wahitimu wa idara zizo hizo ndio wanaoajiriwa kuzitunga kaulimbiu. Idara inayofundisha jinsi kitenzi kinavyoweza kuvuliwa njeo haiwezi kudai kuwa haihusiki pale kitenzi hicho kinapobandikwa kwenye ukuta wa kila mji.

Sheria haitatosha kuijaza nafasi hiyo. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, Kenya ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ili kuikabili lugha ya chuki. Sheria hiyo ilihitajika sana. Lakini sheria hushughulika na maneno yaliyovuka mpaka unaoonekana. Haiwezi kumshtaki mtu kwa kudondosha kiambishi, wala haipasi kuweza. Kazi ya kuuliza "i- hii ni ya nomino gani?" ni ya msomaji, na msomaji hujifunza kuiuliza kutoka kwa mwalimu wa fasihi.

Swali lililoulizwa mwanzoni laweza sasa kujibiwa. Naam, raia anaweza kudhulumiwa na kauli isiyo uongo. Hadhulumiwi kwa kupambwa kwa kauli, wala kwa kuguswa hisia zake, wala kwa kuachiwa pengo alijaze. Ushairi umefanya hayo yote karne kwa karne pasipo kumvunjia utu. Hudhulumiwa pale kauli inapoundwa ili isiweze kurudiwa: haina njeo ya kupimia, haina mwenyewe wa kuulizwa, au inanong'onwa mahali ambapo wa kuijibu hayupo. Kujitembeza si kosa, hata kwa kilicho kizuri. Lakini anayejitembeza mchana sokoni, akajulikana jina na akakubali bidhaa yake igeuzwe na kubonyezwa, si sawa na anayepita usiku akibisha mlango mmoja mmoja, na asubuhi asijulikane alikwenda wapi.